Bei ya Kivuli

Kaka yangu ni baharia na mimi ni mtu wa hesabu. Yeye husafiri na meli. Mimi hupanga meli iende wapi, lini, na ikiwa imebeba nini. Kwenye shughuli za ukoo hatukosi mjomba wa kutuambia kwamba tumeirithi bahari ya babu, nasi huitikia kwa heshima. Lakini kwa miaka mingi kazi zetu mbili hazikukutana mahali popote. Kaka hakuwahi kumwona mtu anayepanga safari zake. Nami, katika makala nyingi nilizosoma za kupanga meli, nilikutana na meli, shehena, bandari, mafuta na siku. Baharia nilimkuta mara chache, na kila nilipomkuta alikuwa tarakimu moja ndani ya gharama zisizobadilika, pamoja na bima na rangi ya kupaka chuma.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua. Husema hivyo madereva wa bodaboda wanaopangiwa abiria na simu, husema hivyo makarani wa benki. Kaka yangu naye aliambiwa hivyo na ofisi iliyomwajiri mwaka 2020, kwa maneno tofauti kidogo: ratiba haimruhusu kushuka. Ratiba haianguki kutoka mawinguni kama mvua. Kuna mtu aliyeamua itafute nini na iheshimu nini, kisha kompyuta ikafanya kazi ya kutii.

*

Aliyesoma hesabu mpaka kidato cha nne Tanzania atamkumbuka fundi seremala wa mada za mwisho mwisho. Fundi ana mbao kadhaa na saa kadhaa za kazi. Anatengeneza meza na viti. Atengeneze vingapi vya kila aina ili apate faida kubwa kuliko zote? Unachora mistari kwenye karatasi ya grafu, unatia kivuli upande usiotakiwa, na eneo linalobaki jeupe ndilo lenye yote yanayowezekana. Jibu bora utalikuta kwenye moja ya kona zake.

Hiyo inaitwa programu ya mstari, na ina sehemu mbili tu: lengo na masharti. Lengo ni kile unachotaka kiwe kikubwa, au kidogo, kadiri inavyowezekana. Masharti ni yale ambayo jibu halina ruhusa ya kuyavunja. Fundi hawezi kutumia ubao asiokuwa nao, hata kama ungemletea faida mara kumi. Sikuona uzito wa tofauti hiyo nilipokuwa na miaka kumi na saba. Nilitaka tu alama zangu.

Sasa mtoe fundi, weka kampuni yenye meli 10 za kubeba mzigo wa kichele, yaani mzigo unaomiminwa: makaa ya mawe, ngano, mbolea, mchanga wa chuma. Meli zimetawanyika, moja iko karibu na Durban, nyingine imemaliza kushusha Mumbai, nyingine iko njiani kutoka Brazil. Kuna mizigo 10 inayosubiri, kila mmoja na bandari yake ya kupakia, bandari yake ya kushusha, na siku zake. Meli ikiwahi, itasubiri. Ikichelewa kupita siku ya mwisho, mwenye mzigo ana haki ya kuufuta mkataba na kutafuta meli nyingine. Ukiipa kila meli mzigo mmoja tu, njia za kugawa ni 3,628,800. Ongeza meli ziwe 20 na mizigo 20, utapata namba yenye tarakimu 19. Hakuna mpangaji, hata awe na uzoefu wa miaka arobaini na chai nzito kiasi gani, anayeweza kuzipitia zote.

Kompyuta nayo haizipitii zote. Njia mojawapo inayotumika sana huanza kwa kuiorodheshea kila meli ratiba inazoweza kuzitimiza: chukua makaa haya, shusha pale, nenda tupu mpaka kule, chukua ngano ile. Kila ratiba ina faida yake. Kisha programu inachagua ratiba moja kwa kila meli, kwa sharti kwamba kila mzigo ubebwe mara moja tu. Mbele ya kila ratiba kuna herufi, na herufi hiyo inaweza kuwa 1 au 0. Moja maana yake meli inakwenda. Sifuri maana yake safari hiyo haikuwahi kuwapo.

Adui mkubwa katika hesabu hii ni safari tupu. Meli iliyoshusha haiingizi kitu mpaka ifike kwenye mzigo mwingine, lakini mafuta inachoma. Adui wa pili ni haraka. Kwa makadirio yanayotumika kila siku, mafuta ambayo meli inachoma kwa siku hupanda kwa mchemraba wa mwendo wake. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 10, mafuta ya siku yanashuka kwa karibu asilimia 27. Na ingawa safari imekuwa ndefu zaidi, bado kwa safari nzima unaokoa karibu asilimia 19. Ndiyo maana baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008 kampuni nyingi za meli zilianza kwenda polepole kwa makusudi. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee, na bei ya mafuta ikawathibitishia.

*

Hesabu hizi zina uhusiano na meli tangu utoto wake. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, mchumi Mholanzi Tjalling Koopmans alikuwa Washington akishughulikia takwimu za meli za mizigo za nchi washirika. Meli zilikuwa hazitoshi, na nyingi zilikuwa zikizamishwa. Koopmans aliona kwamba ukiongeza mzigo kwenye njia moja, gharama yake huwezi kuijua kwa kuitazama njia hiyo peke yake, kwa sababu meli lazima irudi, na pengine irudi tupu, na mahali itakaporudi panaweza kuwa na njaa ya meli au pamejaa meli. Kila njia inavuta uzi wa njia nyingine.

Bila yeye kujua, huko Leningrad, Leonid Kantorovich alikuwa ameshachapisha mwaka 1939 njia ya kutatua matatizo ya namna hiyo hiyo, baada ya kuulizwa swali na kiwanda cha mbao za plaiwudi. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akapata njia ya kutembea kutoka kona moja ya lile eneo jeupe kwenda nyingine mpaka kufika kwenye kona bora, na njia hiyo bado inatumika leo. Mwaka 1954 yeye na Delbert Ray Fulkerson walichapisha makala kuhusu swali moja rahisi kuuliza: jeshi la majini lina ratiba maalumu ya kusafirisha mafuta, je, idadi ndogo kabisa ya meli za mafuta inayotosha kuitimiza ni ipi? Koopmans na Kantorovich walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975. Dantzig aliachwa nje.

Kitu kimoja cha Kantorovich ndicho kilichonikaa moyoni. Aligundua kwamba ukilitatua tatizo la namna hii, hupati jibu tu. Unapata pia bei ya kila sharti. Rudi kwa fundi wetu. Ukimwongezea ubao mmoja, faida yake itapanda kwa kiasi gani? Kiasi hicho ndicho bei ya ubao kwake, leo, katika hali aliyo nayo. Haikuandikwa dukani wala hakuna aliyeitamka. Imejificha ndani ya tatizo lenyewe, ndiyo maana wanahesabu wanaiita bei ya kivuli. Kama fundi ana mbao zilizobaki bila kazi, bei ya kivuli ya ubao ni sifuri. Kama mbao ndizo zinazombana, bei hiyo inaweza kumshangaza. Katika Umoja wa Kisovyeti mawazo hayo ya bei yalitazamwa kwa shaka, na kitabu alichokiandika Kantorovich wakati wa vita kilichapishwa mwaka 1959.

*

Babu yetu alisafiri na majahazi kutoka pwani hii mpaka Ghuba, yakibeba boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji. Ratiba yake ilipangwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, na ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili, na ndiyo iliyovirudisha. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka, na nahodha mwenye akili alikuwa ama ameshafika ama hajaondoka.

Sitaki kuupamba wakati huo. Wanaume walikaa miezi mingi mbali na watoto wao, wengine walioa huko walikokwenda, na wengine hawakurudi kabisa. Lakini ukiutazama kwa jicho la hesabu, upepo ulikuwa sharti, tena sharti gumu kuliko yote. Tajiri mwenye boriti hakuweza kumwambia kusi asubiri kidogo kwa sababu bei ya boriti Kuwait imepanda. Upepo ulimbana tajiri na baharia kwa kamba moja, na kwa kuwa ulimbana tajiri, ulimrudisha baharia nyumbani.

Injini ililiondoa sharti hilo. Meli ya leo inaweza kuondoka siku yoyote kwenda popote, na kwa hiyo mtu aliye ndani yake anaweza kuwekwa kwa muda wowote. Palipokuwa na upepo, watu walilazimika kuweka sheria. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, uliopitishwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, unataka muda wa baharia kukaa melini kabla ya kupata haki ya kurudishwa kwao uwe chini ya miezi 12. Ni sharti la karatasi. Nguvu yake ni ile wanayoipa watu.

*

Kaka alipanda meli Singapore mwezi Oktoba 2019 kwa mkataba wa miezi tisa. Shemeji yangu, yaani wifi yangu kama tunavyosema sisi wanawake, alikuwa na mimba changa. Hesabu ya nyumbani ilikuwa nyepesi: mtoto angezaliwa Mei, baba yake angerudi Julai, wangefanya maulidi na kumchinjia mbuzi wa akika kwa pamoja. Mimi nilikuwa Trondheim, Norway, mji ambao watafiti wake wameishughulikia hesabu ya kupanga meli kwa miongo kadhaa, nikisomea shahada ya pili.

Machi 2020 mipaka ikafungwa. Mtoto alizaliwa Mei, msichana. Julai ikapita. Shirika la Kimataifa la Bahari lilikadiria kwamba, wakati hali ilipokuwa mbaya zaidi, mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kuisha. Mizigo iliendelea kutembea. Ngano ilifika, dawa zilifika, simu mpya zilifika. Sisi wengine tulijifungia ndani na kuagiza vitu, na vitu vikaja.

Mama ana duka la vyakula Ngamiani, Tanga. Kila anayekopa unga ameandikwa kwenye daftari la mistari, tarehe na kiasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo anavyowaambia wateja wanaonuna wakiona kalamu. Katika simu zetu za Jumapili mwaka ule alikuwa ananiuliza swali moja: "Wewe si ndiye unayesomea kupanga meli? Basi kaka yako ameandikwa wapi?" Aliuliza kama mama mwenye duka, akitaka kuonyeshwa ukurasa.

Septemba meli ya kaka ilipakia makaa ya mawe Richards Bay, Afrika Kusini, kupeleka Port Qasim, Pakistan. Ukiitazama ramani utaona safari hiyo inapita wapi: inapanda Mlango wa Msumbiji, inapita Komoro, kisha inakata bahari kuelekea kaskazini mashariki. Nilikuwa nikiifuata kwenye tovuti zinazoonyesha meli, kipembetatu kidogo chenye jina, mpaka kikapotea kwa sababu kilikuwa mbali na minara ya nchi kavu. Nilipima kwa rula kwenye ramani. Kuipindisha meli ile iguse Dar es Salaam ingeongeza kama maili 200 za baharini. Kwa mwendo wa maili 12 kwa saa, hizo ni saa 17.

Tanzania ilikuwa imeshafungua anga yake tangu Mei. Kaka hakuhitaji ndege, viza wala karantini ya hotelini. Alihitaji boti moja ndogo kumtoa nangani na basi la kwenda Tanga. Wa kushika nafasi yake alikuwepo Dar, kijana mwenye cheti cha daraja lile lile, amekaa bila kazi tangu Februari. Kaka na wenzake waliomba. Ofisi ikajibu kwamba ratiba hairuhusu, na kwamba mkodi wa meli haruhusu meli kupinda akiwa na mzigo wake ndani. Hilo la mwisho halikuwa la kampuni ile peke yake. Mwishoni mwa mwaka huo, wakuu wa mashirika ya bahari duniani walilazimika kukemea hadharani kifungu ambacho baadhi ya wakodi walikuwa wakikiingiza kwenye mikataba: meli isibadilishe mabaharia wakati imebeba mzigo wao.

Nilikisoma kifungu hicho kwa jicho la kazi yangu. Kumbe baharia aliweza kuingia kwenye hesabu. Kumbe kulikuwa na mstari wa kumtaja. Kuna mtu aliketi, akafikiri, akamwandikia sharti, na sharti lenyewe likawa kwamba asishuke.

Siku kumi baadaye kaka alipata mtandao nangani Pakistan akanitumia ujumbe wa sauti. "Mdogo wangu," alisema, na nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma, "nimepita nyumbani. Kwa mbali lakini. Usiku ule sikulala, nikasema labda nitaona hata taa ya Komoro."

*

Usiku huo nilifanya kitu pekee ninachojua kukifanya. Nilichukua karatasi, nikatafuta bei ya kivuli ya kaka yangu.

Safari kutoka Richards Bay mpaka Port Qasim ni takriban maili 3,800. Kwa maili 12 kwa saa, ni siku 13 na kidogo. Nilikadiria kwamba meli ya ukubwa ule inachoma tani 28 za mafuta kwa siku. Njia ya kwanza: pinda, chelewa saa 17, choma karibu tani 20 za ziada. Njia ya pili, kama mkodi anataka mzigo wake siku ile ile: pinda, kisha ongeza mwendo kutoka maili 12 mpaka kama 12.6 kwa saa safari nzima. Kwa ule mchemraba wa mwendo, hiyo ni karibu tani 60 za ziada, ukiacha saa chache za kusimama. Meli ilikuwa na makaa maelfu kwa maelfu ya tani.

Sikupata faraja yoyote kwenye namba hizo, ila nilipata mwanga. Mpaka wakati ule nilikuwa nikifikiri kuna kitu kikubwa kinachomzuia kaka, kitu cha ukubwa wa dunia: ugonjwa, mipaka, serikali. Kwa mabaharia wengi ilikuwa hivyo kweli, na sisemi lilikuwa jambo jepesi. Kuna meli ambazo, hata ungeandika sharti la kuwarudisha watu, programu ingejibu kwamba hakuna jibu, kwa sababu hapakuwa na bandari hata moja iliyofunguka njiani. Lakini kwenye safari hii moja, jibu lilikuwepo, na bei yake ilikuwa tani 20 na saa 17. Hakuna mtu katika ofisi ile ambaye angethubutu kumwambia wifi yangu usoni kwamba mume wake hana thamani ya saa 17. Hakuhitaji kuthubutu. Ratiba ilimsemea.

Kaka alishuka Januari 2021, baada ya miezi kumi na tano. Alishukia Fujairah, kwa sababu meli ilikwenda huko kujaza mafuta. Naomba msomaji asiipite sentensi hiyo haraka. Meli ilipinda njia yake kwa ajili ya mafuta, kwa kuwa hakuna mpangaji anayesahau kuandika kwamba tangi lisikauke, na watu wakapata kushuka humo humo, kama abiria waliopewa lifti na pipa.

Alipofika Tanga binti yake alikuwa na miezi minane, anasimama kwa kushika kiti. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akalia. Kaka alicheka akasema mtoto ana akili, asikubali kuchukuliwa na watu asiowajua. Kisha akaenda uani na kukaa huko muda mrefu.

*

Huwa naulizwa na wanafunzi: si basi tu mngemwekea baharia bei kubwa kwenye lengo? Kila siku anayozidishiwa, kampuni itozwe faini ndani ya hesabu, na programu yenyewe itaona ni nafuu kumrudisha.

Ni pendekezo la kawaida, tena linatumika katika mambo mengi. Lakini hapa ndipo lilipo jambo ambalo fundi seremala alijaribu kunifundisha. Kinachowekwa kwenye lengo kinauzika. Ukimwekea baharia faini ya dola mia kwa siku, programu itailipa faini hiyo kila mara itakapokuwa ndogo kuliko tani za mafuta, na italipa bila aibu, kwa sababu umeiambia kwamba vitu hivyo viwili vinabadilishana. Ukipandisha faini, utakuwa umepandisha bei tu. Sokoni bado yupo. Kilichowekwa kwenye masharti hakibadilishani na kitu. Programu itapinda meli, itaacha mzigo, itasema hakuna jibu, lakini haitagusa hapo. Ndivyo upepo wa babu ulivyokuwa.

Na ndicho kilichotokea mwaka 2020, nikiondoa lugha ya kisheria. Miezi 12 ilikuwa sharti. Nchi baada ya nchi zikatoa ruhusa ya kuongeza muda, kwa sababu za dharura, na sharti likahamishwa kimya kimya upande wa lengo, ambako kila mtu angeweza kulinunua kwa bei yake. Desemba 1, 2020 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzihimiza nchi ziwatambue mabaharia kuwa wafanyakazi muhimu. Kaka yangu wakati huo alikuwa na miezi kumi na minne melini, na sidhani kuna aliyemsomea.

Kwa hiyo siilaumu hesabu. Hesabu ndiyo iliyoniwezesha kuuliza swali kwa namba badala ya machozi. Ninachosema ni kwamba lengo na masharti huandikwa kabla kompyuta haijawashwa, kwa kalamu, na mtu mwenye mshahara na jina.

*

Siku hizi nafanya kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni yenye meli ndogo sita zinazozunguka Mtwara, Dar, Zanzibar, Tanga, Mombasa na Komoro. Ni hesabu ndogo ukilinganisha na zile za dunia, lakini ina vituko vyake: msimu wa korosho ukianza kila mtu anaitaka meli Mtwara wiki ile ile. Nilipopewa kuandika upya programu ya ratiba, niliweka mstari mmoja wa masharti kwa kila mfanyakazi wa melini: kabla ya siku fulani, meli yake lazima iguse bandari ambayo anaweza kushuka na mwenzake akapanda.

Mkuu wangu aliusoma akakuna kichwa. Ni mtu mzuri, amekulia bandarini. "Dada, hapa umetufunga mikono," alisema. "Weka faini tu, ikibidi tunalipa." Nilimwambia kwamba hilo ndilo hasa ninalolikwepa. Tulibishana wiki mbili, kwa heshima, kwa karatasi. Alikuwa na hoja: dhoruba hutokea, injini huharibika, na programu inayosema hakuna jibu saa nane usiku haimsaidii mtu. Tukakubaliana hivi: sharti linabaki sharti. Anayetaka kulivunja anaweza, lakini lazima afungue ukurasa mwingine, aandike jina la baharia, sababu, na jina lake mwenyewe. Mama nilipomweleza alisema, "Sasa hilo ndilo daftari."

Kaka naye nilimwonyesha, alipokuwa nyumbani kati ya mikataba. Aliipitia karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Nilitarajia aseme neno kuhusu yeye mwenyewe. Aliuliza, "Na wapishi umewaweka? Wapishi ndio husahaulika." Nikamwambia nimewaweka.

Aliondoka tena mwezi uliofuata, kwa miezi sita, na kampuni nyingine ambayo sijui programu yake inasema nini. Binti yake anajua kuhesabu sasa na ana kalenda yake ukutani, ya benki, yenye picha za wanyama.

Wiki iliyopita programu yetu ilitoa ratiba ambamo meli moja, ikitoka Mombasa kwenda Dar, inapinda kuingia Tanga ili mpishi ashuke na mwingine apande. Ripoti ilionyesha gharama yake waziwazi, saa na tani, kwenye mstari wa kumi na moja. Kwenye kikao cha Jumatatu walijadili foleni ya Mtwara, winchi mbovu ya meli ya tatu, na mteja wa saruji asiyelipa. Mstari wa kumi na moja haukuulizwa na mtu.